Ijumaa ya Kwaresima, sato wa elfu nane na Isaya sura ya 58

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nianze na kisa changu mwenyewe, msije mkasema huyu wa idara ya liturujia, yaani mambo ya ibada, kazi yake kutusema tu. Miaka kadhaa nyuma, Ijumaa ya kwanza kabisa baada ya Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, tulitoka ofisini watu watatu kwenda kula mchana, tukafika kwa mama ntilie wetu wa siku zote, siku hiyo kapika maharage, mchicha na nyama rosti, mimi nikasema kwa sauti ili na meza ya jirani isikie, "Mama, leo sisi Wakatoliki hatuli nyama," tukageuza, tukaenda mahali pengine mtaa wa pili, tukaagiza sato wa kukaanga na ndizi. Sato mzima, mkia umetoka nje ya sahani. Elfu nane kwa kila mtu. Wali maharage tulioukimbia ulikuwa elfu mbili. Tukanawa, tukafanya ishara ya msalaba, tukamla mpaka kichwa, nikarudi ofisini najiona nimefunga.

Sasa jioni nikawa nimepangwa kusoma somo la kwanza kwenye Misa. Ijumaa ile baada ya Majivu Kanisa linasoma Isaya 58, na sikuwa nimelipitia kabla (wasomaji wenzangu, hilo nalo ni kosa, lipitieni somo nyumbani). Nikafika pale watu wanamlalamikia Mungu kwamba tumefunga mbona huoni, naye anawajibu kwamba siku ya kufunga kwenu mnatafuta yanayowapendeza wenyewe na wafanyakazi wenu mnawakandamiza. Nikiwa pale mimbarini nikamkumbuka yule sato. Nilimaliza kusoma lakini sauti haikuwa ile niliyoanza nayo.

Tangu hapo kila nikiitwa kutoa semina ya Kwaresima naanzia hapo, kwa sababu naona tunashika sheria kwa mkia. Sheria yenyewe ni fupi na iko kwenye Sheria za Kanisa, kanuni ya 1249 mpaka 1253. Kuna vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuacha nyama ni siku za Ijumaa, na kunamhusu kila aliyetimiza miaka 14. Kufunga, yaani mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii ule mmoja, ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu tu, na siku hizo mbili nyama nayo hailiwi. Kufunga kunaanzia miaka 18 na kunaisha mtu akitimiza 59. Mgonjwa, mama mjamzito, anayenyonyesha, mtu anayemeza dawa za kila siku, hao wasijitese, watafute namna nyingine. Na sherehe ikiangukia Ijumaa sharti la nyama linaondoka, kwa mfano Mtakatifu Yosefu, Machi 19 mwaka 2027, ni Ijumaa, kwa hiyo siku hiyo ukila nyama hakuna haja ya kukimbilia kitubio.

Ila tuseme ukweli, kwa nyumba nyingi za huku kwetu nyama ni ya Jumapili, au ya mwisho wa mwezi, au mpaka mgeni aje. Mtu wa namna hiyo ukimwambia Ijumaa aache nyama utakuwa umemwambia aache nini? Ndiyo maana maaskofu wa kila nchi wamepewa ruhusa, iko kanuni ya 1253, ya kuelekeza namna nyingine za toba, hasa matendo ya huruma na sala. Lengo ni kile unachojinyima kikuume kidogo halafu kimfikie mtu mwingine. Mtakatifu Petro Krisologo, aliyekuwa askofu wa Ravenna huko Italia karne ya 5, alilisema hili vizuri kuliko mimi: sala inabisha hodi, mfungo unapata, huruma inapokea. Akasema vitatu hivi ni kitu kimoja, mwenye kimoja bila vingine hana kitu.

Fanya hesabu ndogo. Mchana unakula wa elfu tatu, siku hiyo ukala uji na kiazi cha kuchemsha kwa elfu moja, imebaki elfu mbili. Kwaresima ina Ijumaa saba ukihesabu na Ijumaa Kuu, ongeza Jumatano ya Majivu, siku nane, elfu kumi na sita. Elfu kumi na sita haimtoi mtu kwenye umaskini lakini ni unga, mafuta ya kupikia na sabuni kwa bibi aliyeachiwa wajukuu pale mtaani kwenu. Chukua kibubu, au kopo lolote, toboa, weka mezani watoto walione, na ile elfu mbili iingie siku ile ile, maana ukisema utaweka yote mwishoni unajua mwenyewe kitakachotokea.

Halafu lile la wafanyakazi. Jumatatu ya wiki ya kwanza tunasoma Walawi 19, na pale Mungu anasema ujira wa mtu uliyemwajiri usilale kwako mpaka asubuhi, na Injili ya siku hiyo ni Mathayo 25, nilikuwa na njaa mkanipa chakula. Ukizisoma pamoja hutakosa kumwona dada wa kazi. Kuna watu wanahudhuria Njia ya Msalaba Ijumaa zote, vituo vyote 14, magoti yanauma, na dada wa nyumbani anadai miezi miwili. Fundi aliyewajengea ukuta anazungushwa tangu Krismasi. Nikisema hili kwenye semina ukumbi unakuwa kimya kuliko nikisema la nyama.

Watu wananiuliza, haya masomo tutayapata wapi wakati Misa ya kila siku asubuhi hatuwezi, tunawahi daladala. Kalenda ya liturujia inauzwa parokiani kila mwisho wa mwaka, ina masomo ya siku zote, na simu mnazo. Masomo ya siku za wiki za Kwaresima hayabadiliki, ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo ukiyashika mwaka huu mwakani yatakukuta unayajua. Yanayobadilika ni ya Jumapili, yanazunguka kwa miaka mitatu, mwaka A, B na C. Mwaka A, kama ule wa 2026, ndio naupenda zaidi kwa sababu Jumapili ya tatu ni mwanamke Msamaria kisimani, ya nne kipofu tangu kuzaliwa, ya tano Lazaro anatolewa kaburini: maji, mwanga, uzima. Ni katekesi, yaani mafundisho, ya ubatizo hiyo, na Jumapili hizo tatu ndipo wakatekumeni watakaobatizwa Mkesha wa Pasaka wanaombewa mbele ya waamini wote. Parokia yenye wakatekumeni inaweza kuyatumia masomo hayo hata mwaka B au C. Wale wanaosimama mbele siku hiyo na mashati yao mapya, wajueni majina jamani, msiwaangalie kama wageni wa harusi.

Mambo ya mavazi ya zambarau, ya kutoimba Aleluya na Utukufu, mnayajua. Majivu nayo ni ya matawi ya mwaka jana, sio ya mkaa wa jikoni, na makatekista tafadhali msiyamwagie maji mengi yakawa uji, majivu na maji vinaunguza ngozi.

Sasa jumuiya. Huku kwetu AMECEA, yaani maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, walishaamua tangu miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe kwenye jumuiya ndogo ndogo, yaani vikundi vya waamini majirani wanaosali pamoja, na jumuiya nyingi zinasoma Injili kwa zile hatua saba zilizotoka Lumko, taasisi ya kichungaji ya Kikatoliki ya Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, kimya, tunashirikishana, na hatua ya sita tunapanga kazi, ya saba sala. Mimi nimezunguka jumuiya nyingi, na hatua ya sita inarukwa karibu kila mahali. Watu wameshirikishana vizuri, mama mmoja kalia, halafu mwenyekiti anaangalia saa, "Tupo nyuma ya muda, tuingie matangazo," na matangazo ni michango. Michango sikatai. Lakini hatua ya sita inataka jina, siku na kitu: nani anaenda kwa mzee aliyelazwa, lini, anabeba nini. Jumamosi moja niliishuhudia ikifanyika sawasawa, ilichukua dakika nne, baba mmoja akasema bati la yule mjane linavuja na mimi misumari ninayo, mwingine akasema ngazi nitaleta, saa nne asubuhi walikuwa juu ya paa.

Na miaka hii Kwaresima na Ramadhani zimeanza karibu pamoja, 2025 na 2026 zote, kwa hiyo mitaani kwetu jirani anafunga na wewe unafunga. Ukiletewa sahani ya futari pokea, na usiirudishe tupu.

Mniulize niliishiaje na yule mama ntilie. Ijumaa iliyofuata nilirudi peke yangu, nikakaa, nikaagiza wali maharage. Akaniangalia, akaweka sahani, akasema, "Vipi kaka, huko samaki wameisha?"