Muungano wa uchaguzi wa mrengo wa kulia: Italia, 1921 na 1924

Muungano wa uchaguzi ni mapatano ya vyama kusimamisha wagombea kwa pamoja ili kura zao zisigawanyike. Vyama havivunjwi, na wala hiyo si serikali ya mseto, ambayo mara nyingi hutafutwa baada ya kura kuhesabiwa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanasiasa wa mrengo wa kulia Ulaya walikimbilia mapatano ya aina hii hasa kwa kuwahofia wasoshalisti. Ufaransa ilikuwa na Bloc national, iliyoshinda mwaka 1919. Italia ndiko yalikowatokea puani walioyabuni.

Katika uchaguzi wa 1919 wasoshalisti wa Italia walizoa viti 156, kuliko chama kingine chochote. Benito Mussolini, kiongozi wa mafashisti, aliyegombea Milano, hakufikisha hata kura 5,000. Miaka miwili baadaye Waziri Mkuu Giovanni Giolitti, mliberali mkongwe, akaunda Blocchi Nazionali: waliberali, wazalendo wakali na mafashisti kwenye orodha moja ya wagombea. Mafashisti wakati huo walikuwa wakichoma ofisi za vyama vya wafanyakazi na kuwapiga watu vijijini. Giolitti aliamini kwamba wakishaonja ubunge watatulia. Walipata viti 35 kati ya 535, kimoja cha Mussolini, ambaye papo hapo alihamia upinzani. Wiki chache baadaye Giolitti akajiuzulu. Vurugu za mitaani ziliendelea vilevile.

Kufikia 1924 Mussolini ndiye aliyekuwa waziri mkuu, na orodha sasa ilikuwa yake. Sheria ya Acerbo, iliyopitishwa mwaka uliotangulia, iliipa theluthi mbili ya viti orodha itakayoongoza, mradi ifikishe robo ya kura. Kwa masharti hayo nani angependa kubaki nje? Antonio Salandra na Vittorio Orlando, wote mawaziri wakuu wa zamani, waliingia kwenye orodha hiyo. Kwangu mimi, majina yao yalimfaa Mussolini kuliko kura zao: yalimpa heshima ambayo magenge yake yasingeweza kumpatia. Giolitti safari hii alisimama kivyake.

Aprili 6, katikati ya vitisho na vipigo, orodha ilipata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Mbunge msoshalisti Giacomo Matteotti aliulaani uchaguzi huo bungeni Mei 30. Juni 10 alitekwa jijini Roma na kuuawa. Salandra na Orlando walijitenga baadaye, lakini Mussolini hakuwahitaji tena.