Kura za namba: aliyeshindwa ndiye anayeamua?

Vijiwe vya Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, havikosi siasa, na mfumo wa Australia ukitajwa, wengi wanaupotosha. Kwetu Tanzania anayeongoza kwa kura ndiye mbunge, hata akikataliwa na wengi. Australia mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba: 1, 2, 3, hadi mwisho.

Dhana: Mtu mmoja anapiga kura nyingi.

Si kweli. Kura ni moja, ila inaweza kuhama. Tuseme jimbo letu la Ilemela lina wagombea watatu: Juma asilimia 40, Neema 35, Masanja 25. Kwetu Juma keshashinda. Kule hajavuka nusu, kwa hiyo Masanja anatolewa na karatasi zake zinakwenda kwa aliyeandikwa namba 2. Zikienda 18 kwa Neema na 7 kwa Juma, Neema anashinda kwa 53 dhidi ya 47.

Nguvu ya mgombea mdogo iko hapo. Juma na Neema wote wanajua watahitaji namba 2 za watu wa Masanja, hivyo watayasikiliza madai ya wavuvi wake mapema, kabla ya kampeni kwisha. Kwangu hili ni jema: kumpigia mdogo si kuitupa kura.

Dhana: Wa tatu hana lake.

Mwaka 2010, jimbo la Denison huko Australia, mgombea binafsi Andrew Wilkie alikuwa wa tatu kwa takriban asilimia 21, akashinda kwa kura zilizohamia kwake. Vyama vikubwa vilitoka sare, viti 72 kwa 72, na Wilkie akawa mmoja wa wabunge wanne waliomfikisha Waziri Mkuu Julia Gillard kwenye viti 76 kati ya 150. Alidai udhibiti wa mashine za kamari, akaahidiwa. Gillard alipopata nafasi ya kupumua, ahadi ikaachwa, na Januari 2012 Wilkie akaondoa uungaji mkono wake. Ushawishi wa mbunge mmoja hudumu maadamu kura yake inahitajika.

Dhana: Mfumo huu unagawa viti bure.

Hapa hutajwa Ricky Muir wa chama kidogo, aliyechaguliwa kuingia Seneti, yaani bunge la juu, mwaka 2013 akiwa na asilimia 0.51 tu ya kura za kwanza jimboni Victoria. Lakini tatizo halikuwa namba. Wapiga kura wengi waliweka alama moja kwenye chama, kisha chama kikawapangia namba zote zilizobaki kwa makubaliano ya viongozi. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 2016. Sasa mpiga kura anapanga vyama mwenyewe, na anaelekezwa kuandika walau namba 1 hadi 6.