Je, wajua kwa nini simu isiyo na bando hulipa nauli ya treni London?

Kwenye malango ya treni za chini ya ardhi jijini London kuna duara la njano. Abiria anasogeza simu yake hapo, au mkono wenye saa janja, lango linafunguka naye anapita. Simu inaweza kuwa haina bando. Inaweza kuwa haina hata laini ndani yake. Simu za aina fulani hufungua lango hata baada ya kuzimika kwa kuisha chaji.

Inawezekanaje kulipa bila mtandao?

Swali hili linamsumbua zaidi msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu yeye alizoea kulipa kwa simu miaka mingi kabla ya abiria wa London. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, na mabasi ya London yakaanza kupokea kadi za benki za kugusisha mwishoni mwa 2012. Treni za chini ya ardhi zilifuata Septemba 2014. Kwa hiyo tunaitazama teknolojia hii kwa macho ya M-Pesa, na hapo ndipo tunapopotea.

Kwenye M-Pesa, simu ni mjumbe. Unachagua kwenye menyu, unaingiza namba ya muuzaji, kiasi na namba yako ya siri, kisha ombi lako linapita kwenye mnara hadi kwenye kompyuta za kampuni. Huko ndiko salio lako linakopunguzwa na la muuzaji kuongezwa. Ujumbe unarudi kwako, mwingine unakwenda kwa muuzaji, nanyi mnaachana. Mtandao ukisumbua, wote wawili mnasimama kaunta mkisubiri. Mtu aliyekulia katika utaratibu huu akiona simu inagusishwa mara moja tu na lango linafunguka, anadhani ni safari ileile imeharakishwa: simu imeipigia benki, benki imekubali, jibu limerudi, vyote ndani ya kufumba na kufumbua.

Wapo pia wanaodhani kwamba fedha zenyewe, au namba ya kadi, zimehifadhiwa ndani ya simu na humiminwa kila inapoguswa mashine. Dhana hizi mbili zinawagharimu watu. Msafiri ananunua bando la bei mbaya uwanja wa ndege akihofia kukwama langoni. Mwingine anakataa kabisa kuweka kadi kwenye simu, akiamini kwamba atakayeiiba simu ameiba na akaunti, huku mfukoni ametia kadi ya plastiki yenye namba zote zimeandikwa usoni, aionaye aweze kuzinakili.

Ukweli ni kwamba wakati wa kugusisha, simu haizungumzi na benki hata kidogo. Inazungumza na mashine iliyo mbele yake tu, kwa umbali wa sentimita chache, kwa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56 yanayojulikana kama NFC. Anayezungumza na benki ni mwenye mashine. Kwenye M-Pesa mlipaji lazima awe na mtandao. Hapa mzigo huo umehamia kwa anayelipwa. Duka likikosa mtandao mashine yake inaweza kukataa, lakini simu yako haina habari na hilo.

Je, simu inaipa mashine kitu gani ambacho benki itakiamini baadaye?

Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye fedha zake zinatunzwa na kaka yake aliyeko Mwanza. Siku moja walikaa wawili faraghani wakakubaliana kanuni ya siri ya hesabu. Ukichukua kiasi cha fedha, tarehe na namba ya cheti cha malipo, ukavipitisha kwenye kanuni hiyo, unapata alama ya tarakimu kadhaa. Kanuni hawakumwambia mtu mwingine yeyote. Sasa mfanyabiashara ananunua mzigo wa shilingi 200,000. Anaandika cheti: kiasi, tarehe, cheti namba 18. Muuzaji naye anatunga namba yoyote papo hapo na kumtaka aiingize kwenye hesabu. Mfanyabiashara anapiga hesabu kichwani, anaandika alama, anamkabidhi cheti na kuondoka. Hakupiga simu Mwanza, wala hakuwa na haja ya kupiga.

Muuzaji haielewi alama ile. Anaisafirisha tu. Cheti kikifika Mwanza, kaka anarudia hesabu ileile kwa kanuni ileile. Alama zikilingana, analipa. Muuzaji akibadilisha 200,000 kuwa 2,000,000 alama haitalingana, kwa kuwa ilizaliwa kutokana na kiasi cha kwanza. Akitoa nakala na kuileta tena wiki ijayo, kaka anaona namba 18 imekwisha kulipwa. Akijaribu kuandika cheti namba 19 yeye mwenyewe, hana kanuni. Na mwizi aliyekisoma cheti njiani hakupata kitu cha kumfaa, maana cheti kile kina kazi moja tu na kazi hiyo tayari ina mwenyewe.

Simu inafanya hivyohivyo. Kanuni ni ufunguo wa siri ambao benki, kupitia mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, iliuweka ndani ya simu siku uliposajili kadi yako. Siku hiyo intaneti ilihitajika kweli, na pengine ulitumiwa namba ya kuthibitisha. Namba ya cheti ni kihesabio kinachoongezeka kwa moja katika kila muamala. Namba aliyoitunga muuzaji papo hapo ni tarakimu za kubahatisha zinazotungwa na mashine. Alama inayotoka inatumika mara moja na kufa. Kwenye simu za Apple ufunguo umefungiwa ndani ya chipu ya pekee, iliyojengwa ili siri iingie na isitoke. Hata programu nyingine za simuni haziwezi kuusoma. Chipu inajibu maswali, haitoi ufunguo.

Namba ya kadi yako nayo haimo mle. Mwaka 2014 EMVCo, chombo kinachosimamia viwango vya kadi za benki duniani, kilichapisha utaratibu wa tokeni, yaani namba mbadala inayofanana na namba ya kadi kwa urefu na umbo lakini imefungamanishwa na kifaa kimoja. Oktoba mwaka huohuo Apple ilizindua huduma yake ya malipo Marekani ikiutumia. Muuzaji anaiona tokeni. Anayejua kwamba tokeni hiyo ni kadi yako ni mtandao wa kadi na benki. Simu ikiibiwa, tokeni inafutwa na kadi ya plastiki nyumbani inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Tokeni ina tabia moja ambayo mimi naiona ni ya kuvutia kuliko zote. Ukisajili kadi moja kwenye simu na kadi hiyohiyo kwenye saa, kila kifaa kinapata tokeni yake. Saa janja ya Apple, kwa mfano, ina chipu yake yenyewe na hulipa hata simu ikiwa imebaki nyumbani. Kwa hiyo mbele ya lango la treni, simu yako na saa yako ni abiria wawili. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa saa, mfumo unaona mtu mmoja aliyeingia na hakutoka, na mwingine aliyetoka bila kuingia, na unaweza kutozwa nauli ya juu kabisa kwa kila mmoja wao. Mamlaka ya usafiri ya London inawasisitizia abiria watumie kifaa kilekile mwanzo hadi mwisho wa safari. Ndugu anayekuja kutembea London hana ushauri wa maana zaidi wa kupewa siku ya kwanza.

Lango lenyewe lina haraka kuliko mashine ya dukani. Msongamano wa asubuhi haumruhusu abiria kusimama, kwa hiyo lango linatakiwa liamue ndani ya nusu sekunde, na muda huo hautoshi kuiuliza benki. Linachofanya ni kuhakiki kwamba chipu ni ya kweli na kwamba kadi haimo kwenye orodha ya zilizozuiwa, kisha linafunguka. Hesabu hufanyika baadaye. Siku ya usafiri huanza saa 10:30 alfajiri. Safari zako zote hadi alfajiri inayofuata hujumlishwa, ukomo wa nauli ya siku huzingatiwa, na benki hudaiwa kwa mkupuo mmoja. Benki ikikataa, kadi inaingia kwenye orodha ya zilizozuiwa hadi deni lilipwe. Yaani wakati lango linafunguka, simu yako haina mtandao na lango nalo halijaiuliza benki kitu, lakini abiria anapita.

Tuje kwenye simu iliyozimika. Maelezo yanayosambaa ni kwamba lango huichaji kwa mawimbi. Kwa kadi ya plastiki maelezo hayo ni ya kweli: kadi haina betri, na chipu yake huamka kwa umeme unaozaliwa kwenye waya mwembamba uliozungushwa ndani yake inapofika karibu na mashine. Kwa iPhone mambo ni tofauti. Kuanzia zilizotoka mwaka 2018, simu inapojizima kwa kuisha chaji huwa inabakiza akiba kidogo ya betri kwa ajili ya kadi ya usafiri, na akiba hiyo inaweza kudumu kwa muda wa hadi saa tano tangu simu ijizime. Mwongozo wa usalama wa Apple unaongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: ukiizima simu kwa hiari yako, akiba hiyo haifanyi kazi. Iliyokufa njaa inafungua lango, iliyolazwa na mwenyewe haifungui.

Simu za Android zina mipaka yake. Tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013, Android inaruhusu programu kuigiza kadi bila chipu ya pekee, na programu zinazotumia njia hiyo hupewa funguo za muda mfupi badala ya ufunguo wa kudumu. Zikiisha lazima simu iingie mtandaoni kuchukua nyingine. Kwa hiyo simu hizo hulipa bila bando kwa miamala kadhaa, lakini iliyokaa muda mrefu bila intaneti inaweza kukataa.

Wasiwasi wa kuibiwa na mtu anayepita na mashine mfukoni unastahili jibu la makini. Dukani simu kwa kawaida inadai uso, alama ya kidole au namba ya siri kabla ya kuandika cheti. Saa inadai namba ya siri unapoivaa na hujifunga inapovuliwa mkononi. Lakini kadi iliyowekwa kwenye hali ya usafiri wa haraka, ile inayotumika kwenye malango ya treni, haidai kitu, maana ndiyo lengo lake. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham na Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walionyesha kwamba iPhone iliyofungwa, yenye kadi ya Visa kwenye hali hiyo, inaweza kudanganywa idhani iko mbele ya lango la treni wakati malipo yanakwenda kwenye mashine ya duka. Walifanikiwa kulipa pauni 1,000. Hawakuona udhaifu huo kwa Mastercard. Visa ilisema mbinu hiyo haitekelezeki kirahisi nje ya maabara, na kweli inahitaji vifaa maalumu na ukaribu na simu ya mtu. Hata hivyo, hali hiyo huzimwa kwenye mipangilio ya simu, na asiyepanda treni hizo hana sababu ya kuiacha imewashwa.

Haya yote yanahusu kugusisha. Pasi ya ndege unayoihifadhi kwenye simu kwa kawaida ni kitu kingine. Mraba wenye madoa meusi umebeba jina lako, safari na namba ya kiti ndani ya mchoro wenyewe, kwa hiyo nao huonyeshwa bila bando. Ila husomwa kwa mwanga kutoka kwenye kioo cha simu, na hakuna akiba ya betri inayoushughulikia. Mwenye safari ndefu na betri chakavu aombe karatasi kaunta.