Eti alipigwa utotoni kwa hiyo lazima na yeye apige

Wiki hii tena. Mama wa Ngaramtoni kaja kwangu kwenye kaunselingi jicho limevimba, namuuliza ilikuwaje, anaanza kumtetea mume: "Dada, baba yake alikuwa anamfunga kwenye mti anamchapa, huo upole angejifunzia wapi?" Na mama mkwe keshamwambia avumilie, ndivyo alivyolelewa. Nilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma niliyasikia hayohayo kwa Wakongo na kwa Warundi, sasa Arusha nayasikia kila siku, na yananiuma kwa sababu mwanamke anabaki anaumizwa huku mwanaume kapewa ruhusa.

Ni kweli kuteswa utotoni, au kuona mama anapigwa, kunaongeza hatari ya kuja kupiga au kupigwa kwenye ndoa. Kunaongeza hatari tu, maana wengi walioteswa hawaji kutesa wenzao. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike kwa wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, sasa kama kila aliyepigwa lazima apige si nyumba tatu kwa kila nne zingekuwa vita jamani? Na huyu mume nilipombana mkewe vizuri, kumbe anasubiri watoto walale, anafunga mlango, anaongeza sauti ya redio, ndo anaanza. Aliyeshindwa kujizuia haongezi redio kwanza. Bosi wake mbona hampigi?

Mi mwanaume akija kwenye kaunselingi swali langu la kwanza ni nani alikuwa anakutetea ulipokuwa mdogo. Wengi wananyamaza weee, halafu anamtaja bibi, au mwalimu fulani. Mtu mzima mmoja wa hivyo anasaidia sana, na hapo ndo tunapoanzia kazi.

Wengine wanasema kuhusu wakimbizi: "Ni stresi za kambini, wakirudi kwao itaisha." Mgao ukikatwa, kazi hana, kutoka kambini mpaka kibali, ndiyo inachochea, lakini wanawake wengi niliokaa nao walikuwa wanapigwa kabla hata hawajavuka mpaka, na jirani anayekula mgao huohuo hampigi mkewe.

Na wapo wanaosema, "Mtoto mdogo akiona mama anapigwa hakumbuki." Anakumbuka sana, mwone anavyoshtuka mlango ukigongwa, anavyoanza tena kukojoa kitandani. Usisubiri akue. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure, piga hata kama mtoto ni wa jirani.