Je, wajua kwa nini wanafunzi wa Japani husafisha shule zao wenyewe?

Kwa miaka mingi niliamini, na nikawaeleza wengine hivyo, kwamba wanafunzi wa Japani husafisha madarasa kwa sababu shule za huko hazina wahudumu. Sivyo. Shule nyingi za umma huajiri mhudumu anayetunza majengo, kukarabati vilivyoharibika na kufanya kazi zisizomfaa mtoto. Wala usafi huo haukuwekwa uwe adhabu ya wachelewaji. Hodari wa hesabu naye hasamehewi. Umo katika mtaala wa kitaifa, miongoni mwa shughuli ziitwazo tokkatsu, sambamba na mikutano ya darasa na maandalizi ya sherehe za shule.

Kinachofundisha hasa si ufagio, bali zamu. Darasa hugawanywa katika vikundi vidogo, na mara nyingi ukutani hubandikwa maduara mawili ya karatasi ngumu yaliyoshikizwa katikati kwa pini: la nje limeandikwa kazi, la ndani vikundi. Muda wa zamu ukiisha, duara la ndani husogezwa hatua moja, na waliokuwa wakifagia ngazi wanajikuta wakisugua choo. Ni kama mtungi wa maji unaotumiwa na watu kumi. Mchotaji akiwa mmoja siku zote, tisa waliobaki watamwaga ovyo, kwa kuwa hawajawahi kuubeba. Wakichota kwa kupokezana, kila anayekunywa anaujua uzito wake. Vivyo hivyo, anayetaka kuchora ukuta leo anajua kwamba huenda kesho atakayeusugua ni yeye au rafiki yake. Chakula cha mchana nacho hugawiwa hivyo hivyo, watoto wa zamu wakivaa kofia na makoti meupe na kuwapakulia wenzao.

Mpango huu umevuka mipaka: mwaka 2018 Misri ilifungua shule zinazofuata tokkatsu. Hata hivyo, tusiubebeshe ufagio sifa zote za raia mwema, kwa maana mtoto huyo huyo hulelewa pia na nyumba na mtaa, na malezi hayo hayatenganishiki kwa urahisi.

Kipindi chenyewe ni kifupi, kama dakika 15 hivi. Watoto huinama, viganja viwili juu ya kitambaa chenye unyevu, wakakimbia sakafuni kwa mstari kutoka ukuta hadi ukuta. Katika shule nyingi, kabla ya kutawanyika kikundi husimama pamoja, na kiongozi wake, ambaye ni mtoto mwenzao, huuliza ni kipi hakikukamilika.