Kamati ya shule ni nini, na mzazi anaingiaje?

Mtoto akirudi na barua ya kikao imekunjwa ndani ya daftari, neno la kwanza linalomjia mzazi ni mchango. Mlinzi, madawati, mahindi ya uji. Huku Moshi nawajua wengi wanaobaki shambani siku hiyo kwa sababu hiyo tu. Bahati mbaya, mkutano huohuo wanaoukimbia ndio unaochagua wajumbe wa kamati ya shule.

Kamati ya shule ni chombo cha kisheria. Imo katika Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na ni ya shule za msingi. Kwa sekondari chombo cha namna hiyo huitwa bodi ya shule. Ndani ya kamati wamo wawakilishi wa wazazi, walimu na watu wa serikali ya kijiji au mtaa. Mwalimu mkuu ni katibu. Mwenyekiti hatoki kwa walimu, anatoka kwenye jamii. Kamati inapitia mpango na bajeti ya shule, inafuatilia mahudhurio, ujenzi na chakula, na inamshauri mwalimu mkuu. Haina mamlaka ya kumhamisha mwalimu wala kumpangia vipindi. Ukiwa na malalamiko ya namna hiyo, anza na mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata.

Wapo wanaoichanganya na umoja wa wazazi na walimu, ule tunaouita UWAWA. Huo umekaa karibu zaidi na darasa: mtoto anasomaje, anafika saa ngapi, njiani anapita wapi. Mzazi ambaye hajawahi kukaa kwenye kikao chochote aanzie hapo, ni rahisi kuzoea.

Kazi ya kamati inaonekana hasa kwenye fedha. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 4,000 za vitabu vya kununuliwa kwa pamoja, 6,000 za kuingia akaunti ya shule. Kwa kiwango hicho, piga hesabu ya shule yenye watoto 500. Ni milioni tatu kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati na michezo. Mzazi mwenye hesabu hiyo kichwani anamwelewa mwalimu mkuu anaposema hela haitoshi, na anajua pia aulize nini ikisemekana imekwisha.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa wazazi katika shule moja ya huku juu mlimani, chini ya mgrevilea, watu wamekalia madawati yaliyotolewa nje. Mapato na matumizi yakasomwa mbio mbio, kama tangazo la msiba redioni. Bibi mmoja anayelea wajukuu wawili akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani baba, hapo kwenye ukarabati naomba unisomee tena polepole." Akasomewa. Akauliza ni mabati mangapi, yamewekwa darasa gani. Ikaonekana mabati yamelipiwa ila yako bado dukani mjini. Hakuna aliyegombana na mtu. Kamati ikaandika kwenye muhtasari nani atayafuata na lini, na wiki iliyofuata darasa la tatu halikuvuja tena.

Nimemtaja bibi huyo kwa makusudi. Kihamba kwa kihamba huku kwetu, yaani kila shamba la ukoo lenye nyumba yake, watoto wengi wanalelewa na babu na bibi kwa kuwa baba na mama wako Dar es Salaam au Arusha kikazi. Mlezi naye ni mzazi mbele ya shule. Ana haki ya kusema, kuchagua na kuchaguliwa. Anayejua bei ya debe la mahindi sokoni Kiboriloni ana la kuisaidia bajeti ya uji.

Kuingia kwenye kamati kunaanzia hapo kwenye mkutano wa wazazi, jina lako likipendekezwa na wenzako wakakuunga mkono. Mtu asiyeonekana mikutanoni hapendekezwi, ndiyo maana nasema nenda hata kama mfukoni huna kitu. Mchango ni makubaliano ya wazazi na lazima upate kibali cha mamlaka, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Ukiona amerudishwa, hilo ni jambo la kupeleka kwenye kamati siku hiyohiyo.

Kama hukuchaguliwa, mtafute mjumbe wenu. Kamati inatakiwa kukaa angalau kila robo mwaka, kwa hiyo mpe hoja yako kabla ya kikao, fupi na yenye kitu cha kushikika: choo cha wasichana hakina mlango, maji yamekatika tangu Jumatatu. Suala la mtoto mmoja mmoja, hasa la kupigwa au la ugonjwa, usilipeleke hadharani. Limalize ofisini, mlango umefungwa. Na mkutano mwingine ukifunguliwa, omba kwanza usomwe muhtasari wa uliopita. Hapo ndipo utasikia kama choo kimepata mlango.