Goli la ugenini lilitoka wapi, na kwa nini Ulaya ililiacha

Novemba 1956 Real Madrid waliponea chupuchupu kutolewa kwenye Kombe la Klabu Bingwa Ulaya wakiwa mabingwa watetezi. Nyumbani waliifunga Rapid ya Vienna 4-2. Kwenye marudiano, Ernst Happel, ambaye alikuwa beki, akawapiga mabao matatu peke yake na Rapid wakashinda 3-1. Jumla ikawa 5-5. Rapid walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Madrid moja. Kwa sheria ya goli la ugenini ambayo wengi wetu tumekua nayo (jumla ikilingana, anapita aliyefunga mabao mengi ugenini), Real wangekuwa nje, na yale makombe matano mfululizo ya 1956 hadi 1960 tusingeyasikia. Ila sheria hiyo haikuwapo bado. Ikapangwa mechi ya tatu, tena ikachezwa Madrid kwenyewe, na Real wakashinda 2-0.

Kazi yangu ni kuchambua kanuni za mashindano, na kila ninapoulizwa kwa nini UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, iliifuta sheria ya goli la ugenini, naanzia hapo. Watu wengi wanaamini iliwekwa ili mgeni asije kujifungia golini kwake. Hoja hiyo ilikuwapo, lakini kwa maoni yangu mzigo mkubwa zaidi ulikuwa hiyo mechi ya tatu. Utafute tarehe katikati ya msimu, utafute uwanja, timu zisafiri tena, na baada ya yote hayo mnaweza kutoka sare vilevile.

Wakitoka sare, ilirushwa shilingi. Mwaka 1957 Wismut Karl-Marx-Stadt ya Ujerumani Mashariki na Gwardia ya Warsaw walikuwa 1-1 kwenye mechi yao ya tatu, taa za uwanja zikazimika, na Wismut wakasonga mbele kwa bahati nasibu. Kisa cha Machi 1965 ndicho kinachoniuma zaidi. Liverpool na Köln walitoka 0-0 Ujerumani, 0-0 Uingereza, kisha 2-2 mjini Rotterdam baada ya muda wa nyongeza. Mwamuzi akarusha kisahani chenye upande mwekundu na upande mweupe. Kikatua kwenye tope na kusimama wima. Akakiokota, akarusha tena, Liverpool wakapita. Dakika mia tatu za jasho, na robo fainali ikaamuliwa na tope.

Msimu uliofuata, 1965-66, goli la ugenini likaanza kutumika kwenye Kombe la Washindi, shindano la Ulaya la timu zilizotwaa vikombe vya nchi zao. Wa kwanza kufaidika walikuwa Honvéd ya Budapest dhidi ya Dukla ya Prague. Kwenye Klabu Bingwa liliingia 1967, na mapema tu Benfica walijiokoa nalo: sare ya 1-1 Belfast dhidi ya Glentoran, bao likiwa la Eusébio, yule kijana wa Msumbiji, kisha 0-0 Lisbon. Glentoran hawakufungwa mechi hata moja, na bado wakatoka.

Kwa wakati ule sheria ilikuwa na mantiki. Safari zilikuwa ngumu, viwanja vilitofautiana mno, na mara nyingi timu ilikuwa haijawahi kumwona mpinzani wake. Bao la ugenini kweli lilikuwa na thamani kubwa kuliko la nyumbani.

Shilingi iliendelea kutumika pale hata mabao ya ugenini yalipolingana. Mwaka 1969 Celtic na Benfica walifungana 3-0 kila mmoja kwake; nahodha Billy McNeill akabahatisha upande sahihi, na Celtic wakafika fainali. Msimu wa 1970-71 ikaja mikwaju ya penalti. Nadhani hapo ndipo sheria ya goli la ugenini ilipopoteza sababu yake kuu, maana sasa mshindi angepatikana usiku uleule bila mechi ya tatu wala shilingi. Bado ikaishi miaka hamsini zaidi.

Na haikueleweka vizuri hata kwa waliolipwa kuisimamia. Novemba 1971 Rangers waliifunga Sporting 3-2 kwao Glasgow, wakafungwa 4-3 Lisbon baada ya muda wa nyongeza. Jumla 6-6, Rangers wakiwa na mabao matatu ya ugenini dhidi ya mawili. Walikuwa wamepita. Mwamuzi akaamuru penalti, Rangers wakakosa, Lisbon ikalipuka kwa shangwe. Baadaye usiku ule matokeo yakageuzwa, na msimu huo Rangers wakatwaa Kombe la Washindi lenyewe.

Kisa hicho kinafichua kasoro ambayo sijawahi kusikia ikitetewa vizuri. Mechi ya marudiano ikienda muda wa nyongeza, mgeni anapata dakika 30 zaidi za kutafuta bao la ugenini, nafasi ambayo mwenzake hakuipata. Porto waliitoa Juventus hivyo Machi 2021. Mwaka 2003 ilikuwa ajabu zaidi: Milan na Inter, wanaotumia uwanja mmoja wa San Siro, walitoka 0-0 na 1-1, na Milan wakaenda fainali kwa bao la "ugenini" walilofunga kwenye nyasi zao wenyewe.

UEFA ilipoifuta Juni 2021 ilitoa takwimu. Katikati ya miaka ya 1970 wenyeji walishinda asilimia 61 ya mechi na wageni 19. Sasa ilikuwa 47 kwa 30. Tofauti ilikuwa imepungua mno. Sheria iliyotakiwa kumchangamsha mgeni ikawa inamtisha mwenyeji, hasa mkondo wa kwanza, maana bao moja la kufungwa kwake lilimgharimu kuliko mabao aliyoyafunga. Naunga mkono uamuzi ule bila kusita.

Huku Afrika, shirikisho letu la soka, CAF, liliendelea nayo. Yanga wanajua: fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 walifungwa 2-1 na USM Alger kwa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, na kombe likabaki Algeria. Kwetu hoja ya safari bado ina uzito ambao Ulaya imeupoteza, kwa hiyo sisemi CAF waige tu. Ninachotaka ni CAF wapige hesabu zao kama UEFA walivyopiga zao, waziweke hadharani, kisha ndipo waamue.